Mabaka Kwenye Gauni la Mahameli

Mama Alma ndiye aliyeyaona kwanza. Alikuwa amekuja kukaa ili achorwe, kama alivyokuwa akija kila Jumatano tangu majani ya miti ya kando ya mto Leie yaanze kupukutika. Alipanda ngazi polepole, akamkatalia binti yake mkono, na hata kabla ya kuvua koti alisimama mbele ya picha yake akaitazama kwa jicho moja.

"Gauni langu limeota ukungu," alisema.

Lutgart alicheka. Mama yake alikuwa anakaribia miaka tisini na sifa zilikuwa hazimtoki kirahisi. Wiki iliyotangulia alilalamika kwamba amechorwa na shingo ya bata mzinga. Lakini Lutgart aliposogea dirishani na kuitazama picha kwa ubavu, kicheko kilimkauka.

Gauni lile lilikuwa la mahameli, rangi ya mvinyo, ndilo Mama Alma alilolivaa siku alipostaafu kwenye kiwanda cha pamba. Lutgart alikuwa amelijenga kwa subira. Kwanza alipaka kahawia nzito ya vivuli, akaiacha ikauke. Kisha akaweka nyekundu iliyolegezwa kwa mafuta mpaka ikawa nyepesi kama sharubati, utando mmoja tu, akangoja. Halafu utando mwingine, akangoja tena. Mwanga ulipenya tando hizo zote ukarudi, na wekundu ukapata kina, mtu akadhani anaweza kuzamisha vidole ndani yake. Sasa pajani na kwenye mkono wa kushoto wa gauni palikuwa na mabaka makavu ya kijivujivu, kana kwamba mtu amepitisha hapo kitambaa chenye vumbi la chaki. Pembeni yake rangi iling'aa kama kawaida, na hilo liliyafanya mabaka yazidi kuonekana kama maiti.

Jambo lenyewe si geni. Kila anayetumia rangi za mafuta amewahi kuliona: rangi ya chini ina kiu, inayanywa mafuta ya rangi ya juu, na ya juu inabaki imefubaa. Lutgart alikuwa na miaka zaidi ya sitini na nusu ya maisha yake aliyatumia mbele ya turubai, kwa hiyo hakubabaika. Mama alipoondoka, aliujaribu utando kwa kidole, akaona umekauka. Alichukua mafuta kidogo ya mbegu za kitani, akayalegeza kwa tapentaini ile inayopotea hewani, akayasugua juu ya mabaka kwa kitambaa laini, kisha akafuta, akafuta tena, mpaka yakabaki kama pumzi kwenye kioo. Wekundu ukarudi palepale. Akaenda kulala ameridhika.

Utando alioupaka baadaye ulifubaa pia. Akatibu, akapaka mwingine, nao ukafa vibaya zaidi ya ule wa kwanza. Hapo ndipo alipoanza kusikiliza nyayo ndani ya nyumba yake.

Nyumba ilikuwa na watu wawili tu. Mwingine alikuwa Veerle, mdogo wake, aliyehamia kwake tangu kiangazi baada ya kuachana na mumewe kule Aalst. Alikuja na masanduku na paka mzee, akasema ni kwa muda mfupi. Lutgart alimpokea kwa moyo mweupe. Walikunywa kahawa pamoja asubuhi, Veerle akafua na kupiga pasi ingawa hakuna aliyemtuma, na jioni walitazama mashindano ya baiskeli kwenye televisheni huku wakibishana kuhusu waendeshaji.

Kulikuwa na jambo moja wasilolitaja. Zamani wote wawili walisoma chuo cha sanaa, Veerle akiwa nyuma ya dada yake kwa mwaka. Mwalimu wao alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya wanafunzi wakichora. Kwa Lutgart alisimama, akasahihisha, akaendelea. Kwa Veerle alisimama, akanyamaza, na wanafunzi wengine wakaacha viti vyao kuja kuona anatazama nini. Kisha Veerle akaolewa, watoto wakaja, na brashi zake zikabaki kwenye kopo mpaka zikawa ngumu kama vijiti. Lutgart ndiye aliyeendelea. Ndiye aliyekuwa mchoraji wa familia, na mama alipokubali kuchorwa hakuna aliyeuliza atachorwa na nani.

Sasa, kila Lutgart alipokumbuka, alianza kuona vitu. Siku alizokwenda Deinze kufundisha wastaafu kuchora kwa rangi za maji, alirudi akakuta ukumbi unanuka tapentaini, harufu mbichi, si ile iliyolala tangu asubuhi. Siku moja wakati wa chakula aliona wekundu chini ya ukucha wa Veerle. Alimuuliza kama amejikata. Veerle akauficha mkono chini ya meza akasema ni rangi ya kiazi sukari chekundu. Lutgart alitafuta kiazi sukari jikoni, hakuna, wala maganda yake hayakuwemo kwenye ndoo.

Na Veerle hakuitazama picha ya mama. Hilo ndilo lililomkera dada yake kuliko yote. Alipita karibu nayo kama mtu anayepita karibu na mdai wake. Mama Alma alipomuuliza anaionaje, alijibu kwamba yeye mambo hayo yalishamtoka, akatoka kwenda kuweka maji ya kahawa.

Lutgart hakuwa mtu wa kugombana. Alifanya alichokiona cha busara. Mafuta yake ya kuchorea aliyachanganya mara moja kwa msimu mzima, mafuta mazito ya kitani na tapentaini kidogo, akayahifadhi kwenye chupa pana iliyowahi kuwa ya jamu. Kabla ya kwenda Deinze alichora mstari mwembamba wa penseli kwenye karatasi ya chupa, sawasawa na yalipofikia. Picha nayo aliifunika shuka, na juu ya shuka akapitisha uzi mweusi ambao mtu asingeweza kuifunua picha bila kuuangusha.

Alirudi mvua ikinyesha, akapanda juu na koti lake likidondosha maji. Uzi ulikuwa palepale. Mafuta yalikuwa kwenye mstari, wala hayakupungua hata unywele. Aliona haya. Alishuka tena mvuani, akanunua keki ya maziwa ya lala ambayo Veerle anaipenda, na jioni ile alicheka sana kwa vichekesho vya mdogo wake ambavyo havikuwa na maana.

Lakini utando uliofuata ukafubaa.

Kama si Veerle, basi ni muuzaji. Lutgart alikwenda kwa Bwana Servaas, mwenye duka la rangi nyuma ya kanisa la Mtakatifu Yakobo, mtu aliyemuuzia vitu tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Alimkuta na wateja, na hakungoja waondoke. Alimwambia waziwazi kwamba mafuta yake si yale ya zamani, kwamba ameyabatiza, ameyaongezea kitu cha bei rahisi.

"Ningetaka kubatiza ningekuwa padri," alijibu Bwana Servaas bila kuinua sauti. "Mafuta yale nimeyatoa kwenye pipa moja na haya ninayochorea nyumbani. Picha zangu ni mbaya, Bibi Lutgart, nakubali, lakini zinang'aa."

Wateja walicheka. Muuzaji hakucheka. Alichukua chupa mpya kutoka rafu, akaifunga kwenye gazeti, akamsukumia juu ya meza na kusema akajaribu mwenyewe, halafu akamgeukia mteja mwingine kana kwamba Lutgart ameshaondoka.

Lutgart alijaribu nyumbani. Alichanganya kiasi kipya kwa vipimo vyake vya siku zote, akachukua kipande cha kioo, akadondosha tone la mchanganyiko mpya na kando yake tone kutoka kwenye chupa pana. Akakiinamisha kioo. Tone jipya lilishuka kwa uvivu kama asali. La zamani lilikimbia mpaka ukingoni kama chai iliyomwagika.

Alikaa chini. Aliitazama chupa na ule mstari wa penseli, na taratibu akaelewa kwa nini mafuta hayakupungua. Mtu alikuwa akiyachota na kujazia tapentaini mpaka kwenye kimo kilekile. Kila alipojaza, mafuta yalizidi kuwa membamba, na kila utando aliouweka Lutgart ulikuwa na lishe pungufu kuliko ule wa chini yake. Hakuna aliyehitaji kuigusa picha. Ilitosha kuigusa chupa, na mchoraji mwenyewe angeiharibu kwa mkono wake.

Tena si kila mtu angejua kufanya hivyo. Angejua mtu aliyesomea uchoraji.

Jioni ile walikula mboga za endivi zilizoviringishwa kwa nyama ya nguruwe, na jibini juu. Veerle alipika. Lutgart aliutazama mkono wa mdogo wake ukikata, ukimega mkate, ukimmiminia bia, akajiuliza chuki ya namna gani inaweza kumpikia mtu vizuri hivi. Veerle aliuliza mara mbili kama anaumwa kichwa. Akasema ndiyo. Alikuwa akitunga maneno ya kumfukuza, na kila aliyoyapata aliyaona mafupi.

Jumanne alivaa koti, akachukua mkoba, akaaga. Hakwenda Deinze; alikuwa ameshawapigia simu wanafunzi wake. Alizunguka kwenye uwanja uitwao Soko la Ijumaa, akanywa kahawa ambayo hakuisikia ladha, kisha akarudi, akafungua mlango kwa ufunguo taratibu. Ukumbi ulinuka. Alipanda kwanza kwenye chumba cha kuchorea: shuka na uzi mahali pake, chupa pana imefunguliwa, na kifuniko kiko kando. Akashuka. Mlango wa ua ulikuwa wazi, na nyuma ya ua ulikuwa wazi pia mlango wa chumba cha kufulia.

Veerle alikuwa amempa mgongo. Alikuwa amekunjua meza ya pasi, na juu yake ameegemeza turubai dogo ukutani. Paka amelala ndani ya kikapu cha nguo. Mbele ya Veerle lilikuwepo beseni jekundu la plastiki lenye shuka nyeupe iliyokamuliwa, na kwenye turubai kulikuwa na beseni na shuka hiyohiyo.

Lutgart alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kwa ile shuka. Ilikuwa imechorwa kwa rangi za kijivu, za buluu na za manjano hafifu, hakuna mahali palipokuwa na nyeupe tupu, na bado ilikuwa nyeupe, nzito, imelowa maji, mtu akiona namna ilivyokamuliwa na mikono yenye nguvu. Maneno yote aliyoyatunga yalimpotea.

"Kumbe ni hiki," alisema.

Veerle aliruka, brashi ikaanguka sakafuni. Uso wake uliiva. Aliokota brashi, akaifuta kwa aproni, akaifuta tena ingawa ilishakuwa safi.

Lutgart alimwambia yote hapo mlangoni: mabaka, mstari, kioo, Bwana Servaas aliyesingiziwa bila kosa. Alimwambia pia alivyofikiri, kwamba alikuwa akiharibiwa picha makusudi, na mtu wa damu yake.

"Nilijua unanifikiria kitu," alisema Veerle. "Niliuona uzi. Nikasema, haya, hataki hata niitazame picha yake."

"Kwa nini hukuniomba mafuta?"

"Ungenipa."

"Sasa?"

"Ungenipa, halafu ungekuja kuangalia ninachokifanya. Lutgart, mimi sijashika brashi tangu mwanangu Joris hajazaliwa, na sasa Joris ana upara. Sikutaka kuangaliwa. Sikutaka kabisa."

Lutgart alisema kwamba hilo analielewa, lakini kuna jambo ambalo haliingii akilini. Ukiiba mafuta, umeiba, yatapungua, basi. Kujaza tapentaini ni kitu kingine. "Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kwamba utando wa juu lazima uwe na mafuta mengi kuliko wa chini. Ulinifundisha kwenye ngazi za chuo, nimesimama na kitabu. Leo unaniambia hukujua?"

"Nilijua. Zamani." Veerle alijifuta jasho la mdomoni. "Nilikuwa najaza ili usione yamepungua. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuwa nachota kwa haraka kama mtoto anayeiba sukari, unadhani nilikuwa napiga hesabu?"

Lutgart hakumwamini. Alitaka kumwamini, na kule kutaka kulimfanya azidi kujihadhari. Alipita kando ya meza ya pasi, akaliinua lile turubai dogo kwa kingo zake na kwenda nalo mlangoni kwenye mwanga. Aligeuza kichwa, akalitazama kwa ubavu.

Beseni jekundu lilikuwa limefubaa. Tumbo lake lote, mahali ambapo plastiki ilipaswa kung'aa, palikuwa na baka pana la kijivu, kavu, lilelile lililokuwa pajani kwa mama. Kwenye kivuli cha shuka palikuwa na mengine.

"Limeanza lini hili?"

"Wiki nyingi." Sauti ya Veerle ilishuka. "Napaka linang'aa, nikija tena limekufa. Nilidhani ni mkono wangu. Nilidhani mtu akikaa muda mrefu kiasi hiki, basi, kilichokuwepo hakipo tena."

Lutgart aliitazama sura ya mdogo wake, halafu turubai. Hakuna mtu anayejichongea mtego halafu akakaa ndani yake wiki nyingi akilia. Shaka ya siku zote zile ilimtoka, na mahali pake kikaingia kitu kingine, cha zamani zaidi, cha tangu chuoni, alipoiangalia tena ile shuka.

"Mkono wako hauna tatizo," alisema. Ilimgharimu kuyatoa maneno hayo, akayatoa. "Mafuta ndiyo mabovu. Lete hilo juu."

Walifanya kazi mchana wote bila maongezi mengi. Chupa pana waliimwaga kwenye kopo la kusafishia brashi. Turubai la Veerle waliliweka kando ya picha ya mama, wakajaribu kwa kidole kama rangi imekauka kila mahali, na palipokuwa bado panashika kidole wakapaacha kwa siku nyingine. Lutgart alimimina mafuta mapya kwenye kisahani na tapentaini kiasi, kila mmoja akachukua kitambaa cha fulana ya zamani. Walisugua kwa duara ndogo, wakafuta kwa upande mkavu wa kitambaa, wakainama kutazama kwa ubavu. Wekundu wa gauni ulipanda kutoka chini ya ule ukijivu kana kwamba unavuta pumzi. Beseni nalo likapata tumbo. Veerle alisugua kwa woga, na mara beseni lilipong'aa aliacha, akakaa kwenye kiti cha mama na kitambaa mkononi, akalitazama muda mrefu.

Baka moja kwenye kiwiko cha gauni lilikataa. Lilikunywa mafuta yote na kubaki na kiu, ikabidi walirudie wiki iliyofuata. Hata hivyo matibabu hayo yalikuwa ya juujuu tu. Lutgart alijua kwamba tando zile dhaifu zinahitaji juu yake utando wenye mafuta ya kutosha, na baada ya kungoja aliupaka, mwembamba, kwa mchanganyiko mpya. Ulikauka unang'aa ukabaki hivyo.

Kwa Bwana Servaas alikwenda Ijumaa, kuomba radhi na kulipia chupa. Bwana Servaas alimwacha asimame mpaka duka likajaa watu, kisha akamwomba arudie alichokisema kwa sauti zaidi, maana masikio yake hayasikii vizuri. Akarudia. Muuzaji alipokea, akamwongezea brashi bure, na mambo yakaishia hapo.

Kuhusu chumba walipatana hivi: siku za Deinze, Veerle achoree juu kwenye dirisha la kaskazini, na mafuta anunue yake. Siku nyingine chumba ni cha Lutgart peke yake. Veerle hakuona ubaya. Lutgart aliona kidogo, kwa sababu alijua ni yeye aliyependekeza mpaka, na anajua kwa nini.

Jumatano ya kwanza baada ya utando huo kukauka Mama Alma alikuja, akavua koti, akaangalia gauni lake kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. Akasema ukungu umetoka. Ndipo akaliona turubai dogo lililokuwa limeachwa chini, limeegemea ukuta.

"Hilo beseni la nani?"

"La Veerle," alijibu Lutgart.

Mama alikaa kwenye kiti chake, akajiweka sawa, akaendelea kulitazama beseni juu ya bega la binti yake mkubwa. "Naona limependeza kuliko mimi," alisema mwishowe.

Lutgart alihisi joto shingoni. Alichovya brashi, akaiweka chini, akaichovya tena. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa umemsumbua tangu mwanzo wa picha. Ulikuwa na kasoro ambayo hakuweza kuikamata. Akaenda kwenye ngazi akaita. Veerle alipanda akiwa na unga mikononi, akauliza kuna nini.

"Njoo uuangalie mkono huu. Uniambie una nini."

Veerle alisita mlangoni. Alimtazama dada yake kuhakikisha kama si mtego, akamtazama mama, kisha akaja na kusimama mbele ya picha, kwa mara ya kwanza akiitazama yote na si mabaka tu, mikono yenye unga ameinua hewani isiguse kitu. Mama Alma hakujitikisa.

"Kidole gumba," alisema Veerle. "Ni kirefu mno."

Lutgart alilinganisha picha na mkono wa mama pale kwenye kiti. Ilikuwa kweli. Alimshukuru mdogo wake kwa kichwa tu, akangoja mpaka nyayo zake ziliposhuka ngazi zote, ndipo akachukua brashi na kukifupisha.